Annika wa Kibarazani

Bi Lorraine Skaar, jirani wa akina Tollefson, anasema Jumatatu ile saa mbili asubuhi alikuwa akimwagilia nyanya zake alipomwona Annika akiingia kwenye gari la baba yake na masanduku mawili, anakwenda kuanza masomo ya udaktari chuoni Dakota. Gari likaondoka. Bi Lorraine akageuka kufunga bomba, akamwona Annika huyohuyo amekaa kwenye ngazi za kibaraza, simu mkononi.

"Umesahau kitu, mwanangu?"

"Hapana, Bi Lorraine. Mimi nasubiri tu."

Bi Lorraine akamalizia nyanya zilizobaki. Jioni akapeleka bakuli la viazi na nyama ya kuoka, jina lake limebandikwa chini kwa utepe, kama wafanyavyo wote pale Alvdal ili bakuli lisipotee. Bakuli likarudi limejaa. Annika wa kibarazani alikuwa hali chakula.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Annika alikuwa ameshajiandikisha Dakota, lakini jina lake aliliacha kwenye orodha ya kusubiri nafasi ya chuo cha udaktari cha Alvdal, namba tatu. Aliyeweka jina mahali pawili atakaa mahali pawili, alisema mama yake, akamletea mto wa kukalia.

Si chuo kilichomkalisha pale. Ni nyumba ya ng'ambo ya barabara, nyumba ya binamu yake Britta. Britta alipata nafasi chuo cha Alvdal mara ya kwanza tu alipoomba. Britta huyo, ambaye Annika ndiye aliyemfundisha kemia miaka miwili, kwa kadi alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe. Na siku ya wanafunzi wapya kuvishwa koti jeupe la udaktari, bibi yao alimvisha Britta. Yule wa Dakota alivishwa na mwalimu asiyemjua, kwa kuwa bibi alisema magoti yake ni ya safari moja.

Annika wa kibarazani akawa anatazama. Alijua Britta anatoka saa ngapi, na koti kalipiga pasi au kalikunja tu begani. Britta akikohoa, yeye aliinama mbele kidogo. Namba tatu ikawa mbili, mbili ikawa moja.

Jumatano ya wiki ya pili Britta alivuka barabara na leso puani.

"Bado upo tu, binamu? Utaota mizizi hapo."

"Unaumwa?"

"Mafua."

"Mafua huwa yanageuka."

"Yakigeuka nitakuita, dokta." Britta akacheka, akapenga. "We si una chuo chako lakini?"

"Ninacho."

"Sasa unataka nini?"

Annika alimtazama toka kola hadi pindo.

"Koti limekubana mabegani," alisema.

Huko Dakota yule mwingine alihudhuria kila kipindi. Alikuwa mwepesi. Kiti hakikulia alipokaa, na mizani ya maabara ilimsoma nusu. Mwalimu alifikiri kidogo kisha akamwandika kuwa yupo.

Nyuma ya kiti chake, ukutani, alisimama mwanamke wa miaka thelathini na nne, Corinne Vetter, muuguzi. Corinne alikuwa namba moja kwenye orodha ya kusubiri ya Dakota. Mwenyewe alikuwa kazini wodini, mji wa Minot. Huyu alikuwa yule wa kusubiri. Alikuja kila asubuhi na mkoba wa chakula asichokila, na mwanga wa dirisha ulimpita kama unavyopita pazia. Wanafunzi walimwambia samahani walipotaka kupita.

Alhamisi chuo cha Alvdal kikaandika: orodha inafungwa kesho saa kumi na moja jioni, anayetaka kubaki abonyeze hapa. Ijumaa asubuhi, kabla ya kipindi, mama alimpigia simu Annika wa Dakota.

"Mwanangu, kiti unacho. Huyu wa huku amekonda, na uso wake sasa ni wa bibi yenu akinuna. Mwite aje mkae pamoja."

"Britta anaendeleaje?"

"Amepona. Jana alikula kwetu."

"Amepona kabisa?"

"Kabisa," mama akasema, akakata simu.

Annika akabonyeza kwamba anabaki kwenye orodha. Kule Alvdal, yule wa kibarazani akageuza mto upande wa pili, akakaa vizuri.

Corinne akasogea hatua moja kutoka ukutani, akainama.

"Dada, samahani. Sikusukumi, ila nimeona ulichobonyeza. Mimi nina mabinti wawili, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Kama kiti hiki hukitaki, niambie leo niwahamishe. Kama unakitaka, niambie pia, nijifute kwenye orodha nikalale. Chochote utakachosema nitakishukuru."

Annika akafungua daftari, akaanza kuandika kama anayenakili somo. Mwalimu alikuwa bado hajaingia.