Sauti ya Mama Kwenye Kompyuta Kuukuu

Mshonaji hakuweza kutulia kitini. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa ikihamishia mafaili kwenye kompyuta mpya, na kila mara feni yake ilikoroma kisha ikanyamaza. Michoro ya nguo ilishapita salama. Yalibaki mafaili arobaini ya sauti ya mama yake, aliyemrekodi akisimulia ujana wake kabla ya upasuaji wa koo kumnyang'anya sauti.

Akaenda jikoni, akarudi. Akafungua dirisha, akalifunga.

"Wifi, utatoboa sakafu!" alisema mke wa kaka yake. "Kaa chini basi."

"Nitakaaje? Hii ikizimika sasa hivi, nimekwisha."

Haikupita dakika, kioo kikawa giza. Wifi yake akachukua kipande cha boksi, akaanza kuipepea kompyuta kama mgonjwa wa homa. Walipokezana kupepea nusu saa nzima. Walipoiwasha tena, iliamka kwa kujivuta, na mafaili yakavuka moja moja hadi la mwisho.

Mshonaji alifungua faili mojawapo kwenye kompyuta mpya. Sauti ya mama ikajaa chumbani, ikiimba. Mama mwenyewe akatokea mlangoni, akasikiliza, kisha akaandika kwenye daftari lake: "Huo wimbo ufute. Naimba kama mbuzi."

Wakacheka hadi machozi. Mshonaji hakufuta kitu. Alishainuka tena, anapekua droo moja baada ya nyingine, akitafuta flashi ya kuwekea nakala ya pili.