Buluu ya Mzee Dhiren

Kitu cha kwanza alichoona Warigia ni ukingo mwembamba kama uzi, kushoto mwa stempu ya buluu. Stempu jirani ilikuwa imeulalia. Meera alipoinyanyua ile jirani kwa kibanio, ukingo ukachungulia, nao ulikuwa kijani.

Meera hakuuona. Alikuwa amechoka. Ilikuwa wiki ya tatu tangu amuage baba yake, Mzee Dhiren, na kila alasiri walikaa wawili dirishani, juu ya duka la vyuma mjini Nyeri, wakilinganisha stempu za marehemu na karatasi ya majina na mifano ya rangi. Warigia aliletwa kufua na kupika. Shule aliiachia darasa la sita, ila miaka minne ya kutia sufu rangi kule Nanyuki ilimpa macho.

"Na hii?"

"Nyekundu ya matofali. Lakini imekaa na moshi."

"Ati moshi! Hapa hakuna rangi ya moshi, Warigia." Meera alicheka kidogo. Akaigusa ile ya buluu. "Hii ndiyo yenyewe. Wenzake wote ni kijani. Baba alisema mtambo wa kuchapa ulikosea, na kosa kama hilo ni adimu. Jumamosi naipeleka kwa wazee wa chama cha stempu Nairobi, niwaambie ni ya Dhiren."

Warigia aliinamisha kichwa. Mwaka juzi paa lilivuja, kurasa za albamu ya stempu zikalowa, naye alikuwa peke yake nyumbani. Alifanya walivyofanya na sufu: akazianika juu ya mabati, siku sita za jua la Januari. Mtia rangi yeyote anajua kwamba kijani ni buluu iliyovishwa manjano, na manjano ndiyo ya kwanza kulikimbia jua. Alijua. Alisahau tu, kwa kuwa hii ilikuwa karatasi.

Mzee alipofungua albamu alipiga kelele nyumba nzima. "Warigia! Njoo uone! Miaka arobaini niko na buluu, na macho yangu yanasema kijani!" Akaita majirani, akawagawia peremende. Warigia akamimina chai.

Sasa akinyamaza, wazee wenye lenzi watauona ukingo na kumcheka marehemu. Akisema, huenda kesho akafukuzwa, afungashe nguo zake arudi kwao Chaka.

"Nipe kalamu niandike jina lake," Meera alisema.

Warigia hakuitoa.

"Mama, watamcheka."

"Watamcheka nani?"

"Mzee. Angalia hapa."

Meera aliinama na lenzi.

"Kijani," alisema.

"Ni jua. Ni mimi nilianika hizo karatasi kwa mabati, wakati nyumba ilivuja."

Meera aliegemea kiti. Hata hasira hakuwa na nguvu nayo. "Na ukamwacha aite mtaa mzima? Ukakaa na yeye hadi akafa? Kwa nini hukusema?"

Warigia aliitazama mikono yake iliyochubuliwa na sabuni. Swali hilo alikuwa amejiuliza mara nyingi jikoni, na jibu lake hakuwahi kulitoa mdomoni.

"Aliniita mimi kwanza," alisema. "Kabla ya majirani, kabla yako. Hakuna mtu alikuwa ameniita nione kitu kizuri. Nikataka iwe ya kweli."