Vipande Vyeusi

Kompyuta ya Bwana Picha ilikuwa imeshiba mpaka inakoroma. Kila akitaka kuingiza video za harusi ya jana, inagoma: diski imejaa. Na kesho ana harusi nyingine. Akamwachia binti yake kazi ya kupunguza video za zamani, yeye akatoka kumpelekea mteja video yake.

"Unakumbuka nilivyokufundisha?" alimuuliza kabla ya kutoka.

"Kata kichwa, kata mkia, bakisha nyama. Baba, nenda bwana, unanipumulia shingoni!"

Aliporudi alimkuta binti anajinyoosha vidole, ana raha kama mtu aliyefua mablanketi ya nyumba nzima.

"Nafasi ipo, na harusi ya jana nimeshaiingiza. Ila wewe baba, fundi gani? Kila harusi unaanza kurekodi hujatoa kifuniko cha kamera! Giza tii! Nikasema aibu za mzee wangu nizifiche. Nimekata vipande vyeusi vyote."

Bwana Picha akacheka. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Ulivisikiliza?"

"Nisikilize giza? Sauti nilizima, kazi iende haraka."

"Na pipa la taka la kompyuta?"

"Nimeshamwaga. Si wewe unasema taka isilale ndani?"

Bwana Picha akavuta stuli, akakaa.

Mama wa binti huyu ndiye aliyekuwa mshika taa wake, mpaka ugonjwa ulipomlaza moja kwa moja. Mshika taa haonekani kwenye video ya mtu; yeye anawaangaza wenzake. Picha zake zilikuwepo ukutani, lakini sauti yake haikuwepo popote, isipokuwa mle gizani: "Baba watoto, kifuniko! Au bibi harusi tunamwoza kwa kupapasa?" Halafu anacheka mpaka taa inatikisika.

Mara ya kwanza Bwana Picha alisahau kweli. Baadaye, dawa zilipomchosha mkewe hata chakula hataki, akawa anasahau kwa makusudi, amsikie akicheka. Na tangu wamzike, alikuwa akifunga mlango na kuvaa spika za masikioni, anasema anahariri. Alitaka siku moja wasikilize pamoja na binti. Kila akijaribu, anaishia kufunga mlango.

"Baba? Nimeharibu nini?"

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Akaumeza.

"Mle gizani alikuwamo mama yako, anaongea."

Binti akafungua sauti mpaka mwisho, akaanza kupitia harusi za zamani moja baada ya nyingine, mianzo tu. Vigelegele. Viti vinaburutwa. Vigelegele. Mtu anakohoa. Wakafika kwenye harusi ambayo Bwana Picha alikuwa mwepesi kutoa kifuniko, picha ikafunguka neno halijaisha:

"...niko!"

Kisha matarumbeta.

Binti akarudisha nyuma. "...niko!" Akarudisha tena.

"Anasema yuko, baba."

"Anasema kifuniko. Umemkata kichwa."

Neno lilimtoka kama utani, likatua kama kofi. Binti akainamia kibodi, mabega yakaanza kumtetemeka.

"Basi, mama. Basi. Umefanya nilivyokufundisha."

"Kabla ya hapo alikuwa anasemaje?"

Akamweleza, neno kwa neno, kwa sauti yake nene ya kiume, akijitahidi kuipandisha juu. Haikufanana hata kidogo.

"Endelea," binti akasema.