Vumbi Juu ya Herufi A

Vumbi linashuka kwenye mwanga wa dirisha langu, halina haraka. Saa nne asubuhi jua linaingia kimshazari, linapiga meza, na hapo ndipo naliona: punje kwa punje, linaelea, linazunguka, linatua juu ya kila nilichokisafisha jana. Sina wa kukaa naye. Nina vumbi. Nalifuta, linarudi. Mgeni wangu pekee, na hata hodi habishi.

Kazi yangu ni hilo hilo vumbi. Nanunua kibodi kuukuu za kompyuta kwenye mnada wa mtandaoni, zile nzito za zamani, ambazo wapo watu wanazipenda kama wengine wanavyopenda magari. Nazifungua. Nang'oa vitufe kimoja kimoja, naosha, naanika, narudisha, nauza. Shule niliacha mapema, ilikuwa inakwenda polepole na miguu yangu inawasha. Dada yangu aliwahi kuniuliza kwenye simu, "Sasa hivyo vitufe watu wanakula?" Nikamwambia wanapapasa. Akacheka mpaka salio likaisha. Hajapiga tena. Na mimi sijapiga.

Lakini leo siongei na dada. Naongea na wewe, nisiyekujua jina. Wewe mwenye vidole.

Sikia ninavyoishi. Mnadani hushiki kitu, unashika picha. Muuzaji yuko huko, mali iko huko, kati yenu kuna kioo cha simu kilichopasuka pembeni. Kwa hiyo nimejifunza kusoma picha kama wengine wanavyosoma nyuso. Imepigwa kwa mbali: ina ufa. Imepigwa gizani: ina kutu. Anaonyesha mbele tu: waya umekatwa nyuma. Anasema nasafiri kesho, wahi: haendi popote. Anasema sijaijaribu: ameijaribu mara tisa, imemshinda. Siku moja niliamini. Nikaletewa boksi, ndani tofali limefungwa gazeti, limefungwa kwa upendo kabisa. Mpaka leo ndilo linalozuia mlango wangu upepo ukija.

Toka siku ile siamini mtu. Chini ya matangazo naandika hukumu, fupi, bila sukari. Feki. Mbovu. Picha ya kuiba. Wanunuzi wakaniita Jicho, na hawaweki dau mpaka Jicho aseme. Hakuna hata mmoja anayeijua sura yangu. Jicho, basi. Jicho halialikwi kula. Jicho haliulizwi umeamkaje.

Halafu ikaja yako.

Tangazo la maneno tisa: Kibodi ya kompyuta. Ni nzito. Sijui kama inafanya kazi. Picha tatu, imelazwa juu ya kitanda kilichotandikwa. Akaunti imefunguliwa jana yake. Na mali yenyewe, wewe unaijua: sahani ya chuma ndani, vitufe vinavyolia kama vinajibu, aina ambayo watu wanaisubiri miaka. Nikaivuta picha karibu. Herufi A imefutika kabisa. Hiyo haikunishangaza, lugha yetu hii haifiki mbali bila A, inaikanyaga kila hatua. Kitufe kirefu cha nafasi kimeng'aa upande wa kushoto tu. Nikajua unatumia dole gumba la kushoto. Nikajua unaandika sana, kila siku, kwa miaka. Sikukujua. Nilijua vidole vyako.

Na kwa sababu nilijua vidole, nikajiona najua yote. Mtu wa vidole hivi hauzi kwa maneno tisa. Mtu huyu angetaja mpaka mwaka. Basi muuzaji siye mwenyewe, na asiyejua thamani ya kitu hakukinunua. Nikaandika bila hata kukuna kichwa:

Mwenye mali hii yuko wapi? Muuzaji hajui anachouza. Wizi huu. Kaeni mbali.

Wakakaa mbali. Madau yakanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme.

Kesho yake, chini ya maneno yangu, mbele ya watu wote, kukawa na jibu.

"Mwenye mali nimemzika mwenyewe, mimi mama yake, baba. Niulize kingine."

Nilisoma nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena.

Na mimi ni mbishi, nakwambia ukweli. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa pole. Lilikuwa: na matapeli nao wanazika. Msiba ni chambo cha zamani, nani atamtolea macho mfiwa? Nikamwandikia faraghani, kavu. Mama, kama ni kweli, andika jina langu kwenye karatasi, liweke juu ya hiyo kibodi, piga picha.

"Karatasi ya nini tena?"

Ni utaratibu tu, mama.

"Haya. Na Jicho ndilo jina ulilopewa na mama yako?"

Piga tu hiyo picha, mama.

Picha ikaja. Herufi kubwa zilizoinama, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: JICHO. Pembeni kidole gumba chake kimeingia kwenye picha, kucha imekatwa fupi. Lakini karatasi hakuiweka juu. Aliiweka kando, kitandani.

Nilisema juu, mama.

"Juu nitalivuruga."

Utavuruga nini?

Simu inaonyesha anaandika, anaacha. Anaandika, anaacha.

Nikaivuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka ikawa madoadoa. Ndipo nikaliona. Vumbi. Limetanda juu ya vitufe vyote sawasawa, kama shuka nyepesi, halina alama ya kidole hata kimoja. Nikarudi kwenye picha tatu za mwanzo. Lilikuwepo. Lilikuwepo siku zote. Juu ya herufi A iliyong'aa kwa miaka ya kidole chako kulikuwa na miezi ya kutoguswa, na mimi, mtu wa vumbi, mtu ninayekula kwa vumbi, sikuliona.

Mwizi anafuta. Kila mwizi anafuta, anataka mali iwake. Tapeli anafuta. Hata mimi nafuta. Ni mtu mmoja tu duniani anayeuza kitu na vumbi lake, na huyo ni yule ambaye hana mkono wa kulifuta.

Na huyo ndiye niliyemwita mwizi.

Unajua nilichokuwa nacho mimi? Chumba, tofali, na neno langu. Neno langu halijawahi kurudishwa. Kulirudisha ni kumuua Jicho, na bila Jicho sijui wangeniita nani. Nilizunguka chumba. Hatua nne, ukuta. Hatua nne, ukuta. Mnada ulikuwa unafungwa jioni, na mama yako alikuwa na madau mawili ya watu wa kubahatisha. Ningenyamaza, ningeichukua mimi mwenyewe, kwa bei ya sufuria. Hakuna ambaye angejua. Wewe ungejua nini?

Nikaandika kwa dole moja, herufi kwa herufi, kama mtoto:

Nilikosea. Si ya wizi. Ni ya marehemu, na ni nzuri kuliko zote nilizoziona mwaka huu. Mwizi ni mimi, nimemwibia mama wa watu jina lake zuri. Mama, nisamehe.

Faraghani nikamwachia na namba yangu ya simu. Wanunuzi wakanicheka, wacha wacheke. "Jicho limeingia mchanga!" "Jicho, kavae miwani!" Lakini walirudi. Madau yakapanda, yakapanda, yakanipita kama basi linavyompita mtu asiye na nauli. Niliweka langu, likafunikwa. Niliweka la mwisho, likafunikwa. Jioni kibodi yako ikaenda kwa mtu mwingine, mtu wa mbali, mwenye kompyuta nzuri bila shaka na mikono safi. Sikuipata. Ilipaswa kwenda kwa anayeiweza.

Siku mbili zikapita, hakuna aliyeniuliza hukumu. Mtandao mzima kimya. Nikafuta meza. Likarudi.

Siku ya tatu, saa nne, jua liko pale pale, simu ikalia. Namba ngeni. Sauti ya mama mtu mzima, haina haraka.

"Jicho?"

Naam, mama. Shikamoo.

"Marahaba. Huyu aliyenunua anasema niisafishe kwanza. Mimi sijui. Nikasema nitamuuliza yule aliyenitukana, yeye ndiye fundi."

Tukacheka, kidogo, kama watu wanaoazimana kicheko.

Nikamwambia: chomoa waya. Usitumie maji. Tafuta kitu cha nywele laini, brashi ndogo.

"Nina mswaki wake. Unafaa?"

Nikaegemea ukuta.

Unafaa, mama.

"Naanza wapi?"

Anzia pembeni. Ile A usiisugue. Ile iache vile vile.

Nikasikia mswaki. Fyu, fyu, fyu. Sikukata simu, naye hakukata. Nilikuwa nimeegemea ukuta wangu, nasikiliza vumbi lako linaondoka kwenye herufi zako, safu kwa safu, kwa mkono uliokuzaa. Nikamuuliza ulikuwa unaandika nini, miaka yote hiyo.

"Sijui, mwanangu." Fyu, fyu. "Chumba chake na changu ukuta mmoja. Kelele hizo, nilikuwa nagonga: hebu lala na wewe! Hata siku moja sikuuliza, unaandika nini."

Mswaki ukasimama.

"Limeisha," akasema.

Halafu nikasikia: tak. Kitufe kimoja. Amekibonyeza. Nikakitambua, chuma chini, sauti nene. Tak. Tena: tak, tak. Haijachomekwa popote, haiandiki chochote, anaigonga tu, upande huu wa ukuta, kama anayebisha.

Nikaivuta kibodi yangu, ile iliyokaa mezani wiki nzima bila kuguswa. Nikajibu. Tak. Akasikia. Akagonga mbili. Nikagonga mbili.

"Wewe unadonoa kama kuku," akasema, na sauti yake imelowa. "Yeye ilikuwa mvua."

Nifundishe basi, mama. Ilikuwaje?

Akagonga haraka, kwa mikono yote miwili, ovyo ovyo, na mimi nikamfuata, ovyo ovyo, vidole vyangu vya mtu aliyeacha shule vinakimbilia mvua yako. Meza ikatetemeka. Na vumbi langu, vumbi la wiki nzima, likaruka kutoka kwenye vitufe vyangu, likapanda, likaingia kwenye jua la saa nne. Likawaka. Likakaa juu, punje kwa punje, halina haraka ya kushuka.