Siku Verlie Alipoingia Ndani

Kitu cha kwanza alichokigundua Verlie kilikuwa kidogo mno, hata akaona haya kukisema: nyumba ya jirani ilikuwa ikishangilia kabla ya nyumba yao.

Ilikuwa Septemba, msimu bado mchanga. Yuko barazani anamenya karanga za kuchemsha, mara akasikia kwa Mzee Pickens watu wanapiga kelele na kugonga meza. Ndani kwao kimya. Akamenya karanga moja akala, akamenya ya pili akala, na ya tatu; ndipo baba yake naye alipopiga ukelele uleule. Jumamosi iliyofuata akahesabu. Sekunde ishirini na nane. Mzee Pickens alikuwa na antena ya zamani juu ya paa, chuma kilichopinda kwa upepo. Wao mwaka ule walikuwa wameanza kutazama mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi, kwa intaneti, na intaneti ilizunguka huko inakozunguka kabla ya kufika sebuleni kwa akina Stroud. Verlie hakumwambia mtu. Angemwambia baba, baba angegombana na televisheni msimu mzima.

Katika ukoo wa Stroud hakuna hata mmoja aliyesoma Chuo cha Wetherly. Baba yake, Hosea, alikanyaga pale mara moja tu maishani, akiwa kijana, kumwaga zege la ngazi za upande wa kaskazini wa uwanja. Lakini kamera ikipita upande ule alikuwa akisimama na kuonyesha kidole: "Ngazi zangu hizo. Watu elfu tisini wanakalia jasho langu." Wetherly walikuwa timu yao kama vile Alabama ilivyokuwa nyumbani kwao, hakuna aliyekumbuka kuichagua. Rangi yao nyekundu iliyoiva, na nembo yao ndege korongo.

Na kila mwaka, Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga, korongo walikutana na Nyumbu wa Chuo cha Tarpley, nyumbu yule anayezaliwa na punda na farasi. Siku hiyo ilikuwa na sheria zake. Baba alivaa soksi zilezile. Shangazi Earline, dada yake baba, hakukaa kitini mpaka Wetherly wapate pointi. Na Verlie alitoka nje.

Hilo la Verlie lilianza akiwa na miaka kumi. Wetherly walikuwa wanaongoza, kijana wao mmoja ana mpira mkononi, amebakiza hatua tatu avuke mstari wa mwisho, na hakuna wa kumkamata. Ndipo Verlie alipoingia sebuleni na sahani ya mayai ya kujaza. Kijana yule akauachia mpira. Ulimtoka tu, kama sabuni bafuni. Nyumbu wakauokota na kushinda. Shangazi Earline aligeuka polepole, akamtazama mtoto, akaitazama sahani, akamtazama tena.

"Huyu mtoto ana mguu mbaya," akasema.

Alisema kwa mzaha, na watu wakacheka. Lakini mwaka uliofuata, mpira ulipokaribia kuanza, mtu akasema, "Verlie, hebu kakae nje kidogo, mama." Wakafungwa. Wakasema angekuwa ndani wangefungwa zaidi. Mwaka mwingine vivyo hivyo, na mwingine. Miaka kumi. Pazia la sebule likawa linafungwa kabisa, jicho lake lisije likapenya. Wakampa blanketi zuri na kiti chenye mto, maana walimpenda. Naye hakuwa msemaji. Aliacha shule mapema, siku hizi anakunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko pia watu humsahau kuwa yupo. Ukimwambia toka, alitoka.

Mwaka huu ana miaka ishirini na mmoja, na kutwa nzima ya Ijumaa alikuwa akikunja mashuka na kujiuliza kama kuna atakayesema, "Mwacheni akae." Hakuna aliyesema. Saa nane na dakika ishirini, shangazi alimletea blanketi.

"Si kwa ubaya, mwanangu."

"Najua, shangazi."

"Mwaka huu tuna mpiga teke mzuri. Tusimharibie."

Mjomba Royce, kaka yake mama, alipita mlangoni akiwa na kofia ya zambarau ya Tarpley. Ukoo wa mama wote ulikuwa wa Nyumbu, na mama mwenyewe siku ya mechi hiyo aliomba zamu kazini ili asiulizwe yuko upande gani.

"Bado wanakufukuza?" Mjomba akacheka. "Ingia uje ukae na mimi, Verlie. Mimi mguu wako naupenda. Umenipa furaha miaka kumi na moja."

"Royce!" Sauti ya baba ikatoka ndani. "Mwache mtoto. Nyumbu gani anayemjua baba yake?"

"Shemeji, afadhali nyumbu. Korongo kazi yake ni kusimama mguu mmoja akingoja aonewe huruma."

Mlango ukafungwa. Pazia likavutwa.

Mtaa ulikuwa mtupu kama watu wote wamehama. Majani makavu yalitambaa barabarani, yakasimama, yakatambaa tena. Jua la Novemba lilikuwa la njano, lisilochoma, na nyuma ya kila dirisha palimetameta mwanga uleule wa buluu. Verlie alijifunika blanketi mpaka kidevuni, akasikiliza.

Kila jambo lilimfikia mara mbili. Kwanza kutoka kwa Mzee Pickens, likiwa bichi, kisha kutoka kwao, likiwa limeshazeeka. Katikati palikuwa na ile hesabu ya ishirini na nane, na humo ndani ya hesabu aliishi peke yake. Kwa Pickens waliguna, naye akamsikia baba yake bado anacheka, hajui. Akamwonea huruma, akatamani kupita ukutani amshike bega. Kwa Pickens walipiga makofi, naye akamsikia shangazi bado anaomba Mungu kwa jambo lililokwisha kupita. Ilimjia kwamba labda Mungu ndivyo anavyotusikia, naye anatabasamu na kungoja. Akajiona anaelea, hayuko mwanzoni wala mwishoni, kama mtu aliyelala ndani ya gari linalokwenda, anasikia wazazi wanaongea mbele lakini hajui wako njia gani.

Wakati wa mapumziko Tarpley walikuwa na ishirini, Wetherly saba. Mjomba alitoka kuvuta sigara akiimba. Lakini robo ya tatu ikageuka. Kwa Pickens kelele, kisha kwao kelele. Halafu tena. Ishirini na moja kwa ishirini! Hata mbwa wa ng'ambo ya barabara akaanza kubweka. Kisha Nyumbu wakapiga teke lao, wakapata pointi tatu. Ishirini na tatu kwa ishirini na moja, na jua likawa linashuka nyuma ya mnara wa maji.

Kilichofuata alikisikia kwa vipande. Pasi ndefu. Mtu kakamatwa. Pasi nyingine. Ndani, baba alikuwa akisema, "Saa! Simamisha saa!" Halafu akasikia vizuri kabisa, maana baba alilisema kwa sauti ya mtu aliye kanisani: "Sekunde tatu. Yadi arobaini na saba." Teke moja likipita kati ya nguzo, Wetherly wameshinda. Lisipopita, ni mwaka wa kumi na mbili.

Tarpley wakaomba kusimamisha saa, ili kumtesa mpiga teke. Kwao yakaingia matangazo. Verlie alisikia wimbo wa duka la magodoro.

Kwa Pickens matangazo yalikuwa yamekwisha. Kwa Pickens palikuwa kimya, kimya cha watu wengi. Hata vigae vya paa vilionekana kuzuia pumzi.

Kisha mlango wa Mzee Pickens ukafunguka kwa kishindo, na mzee mwenyewe, miaka themanini na moja, akatoka kwenye majani kwa soksi tupu, mikono juu.

"Imeingia! Mama wee, imeingia! Nyumbu kala nyasi!"

Moja, akahesabu Verlie. Mbili.

Ndani kwao godoro bado linauzwa. Tatu. Nne. Alijua peke yake. Nyuma ya ukuta ule watu aliowapenda kuliko wote walikuwa bado wanateseka, naye ameshika furaha yao mapajani kama mkate wa mahindi uliotoka kwenye oveni, wa moto, hana pa kuuweka. Saba. Nane. Angeweza kukaa hapo na kuwasikia wakilipuka. Wangetoka mbio, wangemkumbatia, wangesema, umefanya vizuri kukaa nje. Na mwaka kesho angekaa nje.

Kumi na moja. Akasimama. Blanketi likaanguka.

Akiwa ameshika kitasa, wasiwasi ukamwingia. Je, kama refa ametupa kitambaa cha njano, teke likafutwa? Je, kama Mzee Pickens, na macho yake yale, ameona vibaya? Basi atakuwa ameingia na sahani ya mayai kwa mara ya pili, na hakuna atakayesahau mpaka azikwe. Kumi na saba. Akafungua.

Shangazi ndiye aliyemwona kwanza. Alipiga yowe kama ameona nyoka.

"Toka! Verlie, toka! Una wazimu wewe?"

Kandambili ikaruka, ikampata begani. Mjomba Royce akapiga makofi: "Karibu, mama! Kiti hiki hapa!" Kwenye televisheni wachezaji walikuwa wanajipanga. Baba aligeuka, na uso wake ulikuwa mweupe na wa kitoto.

"Mwanangu, nakuomba," alisema. "Sekunde tatu tu. Halafu utaingia."

Hajawahi kumkatalia baba yake kitu. Akapita mbele ya televisheni, mbele ya macho yao wote, akaenda katikati ya sofa, akakaa.

"Nakaa," alisema.

Mpira ulikuwa umeshapigwa.

Ulikwenda juu, mdogo, wa kahawia, ukizunguka polepole chini ya taa, na kwa jinsi Verlie alivyoukumbuka baadaye, ulikaa hewani kutwa nzima. Aliona mikono ya watu uwanjani imeinuliwa nusu. Aliona ngazi za baba yake. Kisha mpira ukapinda. Ukaanza kwenda kushoto, ukaigonga nguzo, na mlio wa chuma ukasikika mpaka sebuleni. Hilo Mzee Pickens hakulisema. Moyo wa Verlie ukasimama sawasawa na mioyo ya wengine. Mpira ukarukia ndani, ukaangukia upande wa ushindi.

Baadaye hakukumbuka kelele. Alikumbuka kwamba miguu yake haikugusa zulia, na kwamba shati la baba lilinuka moshi wa mbavu za kuchoma. Shangazi alikuwa amepiga magoti anaibusu kandambili. Nje honi zilianza, moja, kumi, mia, na watu wakatoka wote barabarani wakikumbatiana kama ndugu waliopotezana. Verlie alitembea kati yao. Watu wasiojua jina lake walimshika mikono. Mbingu ilikuwa na rangi ya zabibu iliyoiva, na alihisi kama bado ile hesabu haijafika mwisho, kama furaha yenyewe iko nyuma inakuja.

Jumapili Mjomba Royce alilipa dau aliloweka na baba, kwamba atakayefungwa atavaa rangi ya mwenzake: alikwenda kanisani na shati jekundu la Wetherly, na mchungaji akamwita mbele asimame watu wote wamwone. Baada ya ibada wakakaa mezani kumalizia bata mzinga, na mama, ambaye zamu ilimnyima yote, akasimuliwa kwa mara ya tano.

"Mimi nimefikiri sana," akasema shangazi. "Mguu wa Verlie si mbaya. Tulikuwa tunautumia vibaya."

"Kweli kabisa," baba akasema. "Lazima tufanye kama jana, tusibadilishe hata kitu kimoja. Nguo zilezile, Verlie, na usizifue. Utakaa barazani mpaka sekunde tatu za mwisho. Halafu unaingia."

"Na mimi nakurushia kandambili," shangazi akasema.

"Na kandambili." Baba alikuwa anacheka, macho yake yanang'aa kwa upendo. "Umetushindisha, mwanangu. Mwaka kesho blanketi nitakununulia jipya."

Verlie aliweka uma chini. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Alitazama kitambaa cha meza mpaka maua yake yakaanza kucheza.

"Baba, mimi nilijua," alisema. "Televisheni yetu inachelewa. Kwa Mzee Pickens walikuwa wameshashinda ndipo nikaingia. Sikuwashindisha mimi."

Mjomba Royce akafungua kinywa, mama akamgusa mkono, akakifunga.

"Sasa kwa nini uliingia?" baba akauliza, taratibu. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

Na Verlie akalisema, kwa sauti ndogo, lakini wote walisikia.

"Huko nje kuna baridi, baba, na nilikuwa nalia kila mwaka. Nataka kukaa na nyinyi. Hata tukifungwa."