Nguzo Zilizovishwa Simenti

Wewe unayesoma, ulipita pale gatini, kwenye ziwa la Nzilo, mwezi wa tisa. Usikatae. Uliona mafundi wamesimama ndani ya maji hadi kifuani, wanapaka simenti juu ya nguzo za zamani, ukajiambia hayo ni mambo ya wakubwa. Ukanunua samaki wako, ukarudi Kolwezi na uso umegeuka upande mwingine. Basi leo utasikiliza.

Gati lile nalijua. Nguzo zake ishirini na nne ni miti, na miaka kumi na tisa mi nilikuwa kwenye kikosi cha kuzitunza. Ziwa letu ni la barrage, maji yaliyozuiwa na ukuta: mvua ikija maji yanapanda, kiangazi yanashuka. Kichwa cha nguzo ni kikavu siku zote, mguu umeloa siku zote, na hivyo viwili vinadumu. Kiuno ndicho kinacholoa, kinakauka, kinaloa tena. Kiuno ndicho kinaoza. Kila kiangazi tulipita na mtumbwi, tukagonga kila kiuno kwa nyundo. Mti mzima unalia. Uliooza unakohoa, na huo tuliutoa siku ile ile. Kisha kikosi kikafutwa. Miaka kumi na moja hakuna aliyegonga hata nguzo moja.

Akaja Hénock na mkataba wa kujenga gati upya. Juu akaweka mbao mpya, boloni mpya za kukazia, rangi ya bluu. Chini akaacha nguzo zile zile, akazivisha simenti kiunoni, unene wa kidole.

Siku ya kupokea kazi, ndiyo jana, wakubwa walikuja na viti vyao vya plastiki. Karatasi yao ilidai saini ya mtu anayetumia gati, wakamwita Mama Domitille, anayeongoza wamama wa kuvusha mihogo. Alikuja amefurahi. Binti yake Falonne ana mimba ya miezi saba, na tangu gati lifungwe, kila siku ya soko anashuka na gunia kichwani, matope hadi magotini. Domitille alikuwa ameshika kalamu tayari.

"Mama, usisinye kwanza," nikasema.

Hénock akacheka. "Huyu tena. Weye Kalombo, uko na diplome gani?"

"Ya nyundo, tata."

"Basi gonga. Gonga, batu basikie."

Nikavuta mtumbwi. Domitille akaingia nyuma yangu. "Minaenda naye. Ni mutoto yangu atapita hapa, haiko wenu."

Nikagonga nguzo ya saba. Ikalia vizuri, na wale wa viti vya plastiki wakapiga makofi. Bila shaka ililia. Nilikuwa nimegonga simenti. Nikageuza nyundo, nikapiga kwa ncha yake. Ganda likapasuka, likaanguka majini, na nyuma yake kulikuwa na shimo. Domitille akatia mkono. Ukaingia hadi kiwiko. Akatoa kitu cheusi kama uji ulioungua, akakinusa.

"Tata Hénock," akasema polepole, "hii njo gati yako?"

"Mama, ile ni nguzo moja tu."

"Moja njo ile tuligonga."

Akarudi nchi kavu, akabandika mkono ule mweusi juu ya karatasi, mahali pa saini. "Mulitaka nisinye. Minasinya."

Unadhani iliishia hapo? Saa saba wakachapisha karatasi nyingine. Simone, karani wao, akatia saini mahali pa mtumiaji. Nikamuuliza kama amevuka ziwa hata mara moja.

"Mi minaogopa maji, tata," akanijibu, anapuliza wino ukauke.

Gati linafunguliwa kesho Jumamosi, siku ya soko. Falonne hayajui haya. Tangu Jumanne yuko ng'ambo, anazunguka vijijini kununua mihogo, na simu kule haishiki. Mama yake amevuka asubuhi hii kumtafuta. Kuna vijiji vitatu, naye hajui ni kipi. Wakipishana, Falonne atafika na mashua ya kwanza, saa kumi na mbili. Ataona mbao mpya, hatataka matope. Atapanda na gunia lake, na wenzake arobaini nyuma yake, wote juu ya nguzo ya saba.

Mi nimekwenda kwa wakubwa wote. Wamenionyesha saini ya Simone.

Kwa hiyo nataka miili. Nataka watu wa kusimama kwenye maji mbele ya gati, wengi, bega kwa bega, mashua ikose pa kufunga kamba, ikashushe watu kwenye matope kama kawaida. Sitaki maoni yako, sitaki pole yako. Leo ni Ijumaa, pikipiki za kuelekea Nzilo bado ziko stendi. Acha chakula mezani. Mwite jirani, naye amwite wake. Panda sasa hivi.