Uji wa Chemchemi ya Nyamarwa

Mama yake ndiye aliyekuwa mbele. Joram alimtambua kwa mwendo kabla ya sura, akaomba moyoni kwamba macho yamdanganye. Hayakumdanganya. Wanawake wanne walikuwa wakifagia ukingo wa chemchemi ya Nyamarwa kwa matawi mabichi, ndani kabisa ya hifadhi, mahali ambapo asiye na kibali hukamatwa na kupelekwa mahakamani Mugumu.

"Unawafahamu?" aliuliza Kornelio, mkuu wa doria, mtu wa Singida.

"Siwafahamu."

Neno lilimtoka upesi. Alizaliwa hatua mia mbili tu kutoka pale. Mpaka wa hifadhi uliposogezwa, ukoo wake uliondolewa, na mwaka juzi Operesheni Vijiji ikawasukuma tena hadi kwenye nyumba zilizojengwa kwa mistari kule Kisaka. Yeye akaajiriwa uaskari wa wanyama kwa sababu aliijua nchi hii nje ndani. Tangu hapo kijijini walimwita mtu wa serikali, na kambini walimwita mwenyeji, na pande zote mbili walinyamaza akiingia.

Alijua walichofuata. Kabla ya kupanda, uji wa ulezi sharti umwagwe katika chemchemi ile, na amwage kifungua mimba wa kiume wa ukoo, peku, bila chuma chochote mwilini. Baba yake, mzee Magige, aliifanya kazi hiyo miaka yote. Mzee alikuwa amefariki mwezi wa Saba, na zamu ikawa ya Joram, mwanawe wa kwanza. Miezi miwili sasa mama alikuwa akituma salamu za kumwita, na Joram akijibu kwamba hana likizo.

"Shikamoo, mama," alisema walipofika, na uongo wake ukafa papo hapo.

"Marahaba. Umekonda," akasema Bhoke, mama yake. "Umekataa kuja nyumbani, mura, mwanangu. Basi nimekuletea uji kazini kwako."

Kornelio aliwatazama kwa zamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuumiza Joram zaidi, maana angekuwa mbaya, Joram angemchukia tu yakaisha.

"Nikiwaachia tutafukuzwa wote wawili," akasema Kornelio. "Nina watoto sita, Joram. Wafunge."

Bhoke akanyoosha mikono. "Anifunge huyu. Sitaki kushikwa na mwingine."

"Lete bunduki nikushikie," Kornelio akasema.

Joram aliwafunga wale watatu, kisha mama yake, kwa kamba ya katani. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alipomaliza hakuinuka. Alivua viatu, akavua mkanda wenye bizimu ya chuma, akatoa kisu mfukoni.

"Unafanya nini?"

"Dakika tano, afande. Halafu nipandishe garini pamoja nao."

Kornelio aligeuka akaanza kutazama nyumbu waliokuwa wakila majani mbali.

Maji yalikuwa baridi kuliko alivyokumbuka. Joram akauinamisha mtungi wa uji waliokuja nao wanawake, akayataja majina ya wazee mmoja mmoja hadi la baba yake, ambalo hakuwahi kulitaja miongoni mwa wafu. Akalirudia.

Kilichobaki kilikuwa cha mama. Aliyemwaga hulishwa uji wa mwisho kwa mkono wa aliyemzaa. Bila hivyo kazi yote ni bure. Joram akalishika fundo alilolipiga mwenyewe, akahangaika nalo. Alikuwa amelikaza sawasawa, kama alivyofundishwa kazini.

"Liache," akasema Bhoke. "Piga magoti."

Akauchota uji uliobaki kwa mikono yote miwili, maana haikuweza kuachana, akamlisha.